Elimu ya Pwani Ipande Njia ya Misafara: Nasaha kwa Maimamu na Walimu wa Madrasa wa Tabora

(Nasaha iliyotolewa baada ya Swala ya Ishaa mbele ya maimamu, walimu wa madrasa na wazee wa misikiti, mjini Tabora.)

Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Mwaka jana tuliletewa kutoka pwani kijitabu cha kuwasomeshea watoto uhifadhi wa mazingira kwa mafundisho ya Qur'an na Sunnah. Tulikifurahia, na siku ile ile tukaingia nacho darasani bila ya kukipitia kwanza. Tulikuwa tumefika nusu ya ukurasa unaoeleza ubaya wa kukata mikoko, ndipo mtoto mmoja wa umri wa kama miaka tisa akanyanyua mkono na kuuliza: "Maalim, mkoko ni nini?" Tukamjibu kwamba ni mti unaoota penye maji ya bahari. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi sisi hatuna dhambi, kwetu hakuna bahari." Darasa likacheka, nasi tukacheka. Lakini maneno yale yalitukosesha usingizi, kwani mtoto yule alipokuwa akiyasema, nyuma ya darasa lilikuwapo tanuri la matofali tuliyoyachoma kwa ajili ya kujenga chumba cha pili. Magogo yaliyoteketea ndani yake tuliyanunua sisi wenyewe, lori zima, wala hatukuuliza yamekatwa wapi wala kwa kibali cha nani.

Hilo ndilo lililotusimamisha mbele yenu usiku huu. Ndugu zetu wa pwani na visiwani wametutangulia katika kuifanya misikiti na madrasa kuwa mahali pa kusomesha habari ya mabadiliko ya tabia nchi na ulinzi wa bahari. Wanayo maandiko, wanayo masomo yaliyokwisha kupangwa na, lililo bora zaidi, wanao uzoefu wa lipi liliingia katika nyoyo za watu na lipi halikuingia. Elimu hiyo imebaki kwao. Nasi huku bara tumekaa tukidhani si yetu, na wanafunzi wetu wamejifunza kwetu kudhani hivyo.

Tena mji huu, ndugu zangu, ni mtoto wa njia. Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857 waliukuta ukiitwa Kazeh, na ulikuwa umekua kwa sababu njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapa, mkono mmoja ukielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na mwingine ukipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kwa njia hiyo ilikuja Qur'an. Kwa njia hiyo ilikuja lugha hii tunayosemeshana, na miembe ambayo hadi leo inatupa kivuli na matunda. Wala tusiifanye historia kuwa tamu kuliko ilivyokuwa: kwa njia hiyo hiyo yalipita meno ya tembo na watu waliofungwa minyororo, na katika wafanyabiashara wa bidhaa hizo walikuwamo waliosimama safu ya kwanza msikitini. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, alichukuliwa utotoni kutoka nchi za mashariki ya Kongo akafikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Alipofariki mwaka 1931 alikuwa mwanachuoni anayetajwa pwani yote. Tunatofautiana naye katika mambo ya tariqa, na hilo hatulifichi. Lakini tunamtaja kwa kuwa alipitishwa njia hii akiwa mali ya mtu, na elimu aliyoipata mwishoni mwa njia ikarudi bara kupitia kwa wanafunzi. Basi njia hii imezoea kubeba elimu, kinachokosekana ni wabebaji.

Katika yaliyoko pwani, tunaloona linafaa kutangulizwa ni la Misali. Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba. Hakina mji, lakini zaidi ya wavuvi 1,000 walikuwa wakitegemea maji yake. Wapemba husimulia kwamba jina lake limetokana na msala, ya kuwa Nabii Khidhri aliswali pale na kisiwa chenyewe kikawa msala wake kwa namna kinavyoelekea kibla. (Kisa hicho hatukukipata kwa isnadi na hatujengi itikadi juu yake, tunakitaja kwa kuwa kinaonesha heshima waliyokuwa nayo watu kwa mahali pale.) Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kisiwa hicho na maji yake kuwa hifadhi. Ni mwaka ule ule ambao bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe ya sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi yakapauka na mengi yakafa.

Kwa asiyeijua bahari, tumbawe ni nyumba ya samaki. Ndani yake hutaga, hujificha na kukulia. Mvuvi anayetupa baruti hupata samaki wa siku moja, naye huwa amebomoa nyumba, ameua mayai na vifaranga, na jengo lile halirudi kwa mwaka mmoja wala kumi. Serikali ilikataza, na katazo halikutosha, kwa sababu askari hawezi kulala baharini kila usiku. Mwaka 1999 ikaja taasisi ya Kiislamu ya mambo ya mazingira yenye makao yake Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ikishirikiana na shirika la CARE, ikakaa na wavuvi, maimamu na walimu wa madrasa. Haikuwaletea sheria mpya. Iliwarejesha katika yale wanayoyasoma tangu utotoni: kwamba mwanadamu ni khalifa na si mmiliki, kwamba vilivyomo ardhini na baharini ni amana, kwamba Allah ameiweka mizani na akakataza kuipunja. Baadhi ya wavuvi walioshupaa mbele ya amri ya serikali wakalainika mbele ya aya. Hatudai kwamba kila mvuvi wa Pemba alitubu, wala kwamba kazi ile haikulegea baadaye. Mwaka 2005 maji ya Misali yaliingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba, na mpaka leo wapo wanaovunja masharti. Lakini ilithibitika kwamba mimbari inafika mahali ambapo boti ya doria haifiki.

Sasa tuyaeleze haya ya tabia nchi kwa maneno machache, kwa sababu wengi wetu tunayasikia redioni na kuyaacha huko huko. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vinapochomwa hutoa hewa ukaa, na hewa hiyo hubaki angani muda mrefu ikizuia joto lisitoke, mfano wa blanketi. Miti huivuta hewa hiyo na kuihifadhi katika mbao na udongo, na inapokatwa na kuchomwa huirudisha yote. Dunia imepata joto, barafu inayeyuka, maji ya bahari yanatanuka, na usawa wa bahari umepanda kiasi cha sentimita 20 tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyopimwa. Sehemu kubwa ya hewa hiyo imetolewa na mataifa tajiri, na tuwe wakweli, nchi za Kiislamu zenye visima vya mafuta zimo katika hesabu hiyo. Sehemu ya Afrika ni ndogo mno.

Hapa ndipo wengine wetu husema: "Basi na wao wafanye, sisi tumekosa nini?" Na wengine husema ni mambo ya mashirika ya kizungu. Na wengine, hawa ndio wanaotuhuzunisha zaidi kwa kuwa wanasema kwa jina la dini, husema mvua ni qadar, ikija imekuja. Umar bin al-Khattab (r.a) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliamua kurudi. Abu Ubayda (r.a) akamuuliza iwapo anaikimbia qadar ya Allah, naye akamfahamisha kwamba anatoka katika qadar ya Allah kuingia katika qadar ya Allah. Kisa kimo katika Bukhari. Ama hilo la kizungu, wanachuoni na wataalamu wa Kiislamu walikutana Istanbul mwaka 2015 wakatoa tamko lao juu ya tabia nchi, na mwaka 2024 hapa jirani, Nairobi, ukazinduliwa waraka mwingine wa Kiislamu uitwao Al-Mizan. Na kabla ya hao wote ipo aya ya 41 ya Suratur-Rum, inayofungamanisha uharibifu wa nchi kavu na wa bahari na yale waliyoyachuma watu kwa mikono yao. Tumeihifadhi sote. Tuirejee tafsiri yake tukiwa na Tabora mbele ya macho yetu.

Mnaijua hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a) aliyoipokea Bukhari, ya watu waliopiga kura ndani ya jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini, na wale wa chini wakafikiria kutoboa sehemu yao ili wasiwasumbue wa juu kwa kupita kuteka maji. Zama zetu, aghlabu wanaotoboa ni wale wa juu. Lakini nani kati yetu atasema kwamba kwa kuwa tajiri ana keekee kubwa, basi keekee yetu ndogo haitoboi?

Twendeni Ujiji kabla ya kurudi nyumbani, kwa sababu nao ni watu wa pwani, pwani ya ziwa. Ziwa Tanganyika lina tabia yake ya kupanda na kushuka tangu zamani. Mnamo mwaka 1878 maji yalijaa hata yakafungua njia ya Mto Lukuga kuelekea Kongo, kisha yakashuka sana, na ndiyo sababu mahali wanapoonesha kwamba Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871 pako mbali na ufuko wa leo. Basi lilipopanda tena miaka ya 2020 na 2021 likaingia katika nyumba na mialo, hatukuwa na haki ya kusema kila tone ni la tabia nchi. Lakini lipo jingine ambalo wataalamu walilichapisha mwaka 2003: maji ya juu ya ziwa yamepata joto, na maji ya moto hukaa juu ya baridi bila ya kuchanganyika, hivyo rutuba iliyoko kilindini haipandi kuwalisha wadudu wadogo wanaoliwa na dagaa. Dagaa hao ndio wanaoshuka kwa treni hadi soko letu. Kuanzia mwaka 2024 nchi zinazolizunguka ziwa zimekuwa zikisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Je, wako maimamu wangapi wa Ujiji waliopelekewa habari ya Misali, ili amri hiyo isibaki kuwa ya serikali peke yake? Sisi tuko katikati ya njia. Jambo likitoka pwani lisipofika ziwani, limekwama kwetu.

Na sasa nyumbani.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na mkulima akikosea kupanda hana vuli wala masika ya kumfidia. Kinachoishika ardhi yetu na kuyalinda mabwawa yetu, Igombe na Kazima, yasijae mchanga ni miyombo. Yapo maji ya Ziwa Victoria yaliyoletwa kwa bomba kutoka Ihelele, Misungwi, kwa mkopo wa India, nasi tunamshukuru Allah kwa neema hiyo. Lakini bomba halinyweshi mahindi wala halifugi nyuki. Na miyombo inaondoka kwa njia tunazozijua: mkaa, kuni za matofali, mashamba mapya, mizinga ya magome inayoua mti mzima kwa ajili ya mzinga mmoja, na mabani ya kukaushia tumbaku.

Hilo la mwisho tulilitaja kwa sauti ya chini, nanyi mmeona. Msimamo wetu juu ya uvutaji wa tumbaku mnaujua na hatukuja kuurudia. Tunalotaka kulisema ni jingine. Katika Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, masoko ya tumbaku yanapofunguliwa ndipo michango ya misikiti inapopanda, ada za madrasa zinapolipwa na mabati yanaponunuliwa. Sisi walimu tunakula katika msimu huo. Ndiyo sababu tunaweza kuhutubia Ijumaa nne mfululizo juu ya bid'a za maziko na tusihutubie hata moja juu ya kuni za bani. Ulimi umekuwa mzito, tukauita uzito huo hekima. Mkulima si adui yetu, aghlabu ni mtu mwenye deni la pembejeo kabla hajapanda. Lakini hata mvuvi wa Misali alikuwa na njaa, na waliomfundisha hawakumficha.

Kisha mvua ikikawia tunatoka uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua. Hiyo ni Sunnah, na ni nzuri. Ila turejee vitabu tulivyovisoma, vya Shafi na vya Hanbali, tuone wanachuoni walichokitanguliza kabla ya swala hiyo: imamu awaamrishe watu kutubia, kutoa sadaka na kutoka katika dhulma kwa kurejesha haki za wenyewe. Sisi tunatanguliza vipaza sauti. Ni dhulma gani tuliyoirejesha? Magogo ya tanuri letu yalitoka katika msitu fulani, na kijiji kinachoutegemea msitu huo kina haki. Tulikwenda kuuliza tukiwa tumechelewa miezi saba. Yule aliyetuuzia alikwisha hama, na wazee wa kijiji alichotutajia walituambia miti ile haikutoka kwao peke yao. Tukawapelekea miche 200. Tuliyoipanda shuleni kwetu, nusu imeliwa na mbuzi.

Walimu wenzetu, tusidhani tunakwenda pwani na mikono mitupu. Wasukuma na Wanyamwezi wana desturi ya ngitili: sehemu ya malisho inafungwa wakati wa mvua, majani na miti ikapumzika, ikafunguliwa kiangazi mifugo inapokosa pengine pa kula. Shinyanga, nchi iliyokuwa imekatwa miti hata ikaitwa jangwa, ilirudishiwa ngitili kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuota. Tulipokuwa masomoni tukisoma mlango wa hima katika fiqhi, ardhi inayohifadhiwa kwa maslahi ya wote, tulikuwa tukiiona ngitili ya babu zetu, ila hapakuwa na mtu wa kumweleza, kwa kuwa wenzetu darasani hawakujua ngitili na wazee wetu hawakujua hima. Mtume (s.a.w) aliihifadhi Naqi'. Umar (r.a) akaihifadhi Rabadha, na alipomweka Hunayy kuisimamia alimwelekeza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri kama Ibn Awf na Ibn Affan (r.a), kwa kuwa hao wakipoteza mifugo wana mitende na mashamba ya kurejea. Somo hili pwani hawanalo kwa sura hii. Wao wana bahari iliyofungwa, sisi tuna malisho yaliyofungwa, na mlango wa fiqhi ni mmoja.

Tunapendekeza basi haya. Kijitabu kile cha pwani tusikisome kilivyo, tukiandike upya: penye mkoko tuweke muyombo, penye baruti tuweke tanuri na bani, penye matumbawe tuache matumbawe na tumweleze mtoto wa Tabora ni nini, kwa sababu dagaa na chumvi anavyokula vina wenyewe. Tuandike sura ya hima na ngitili, na nakala mbili zirudi Bagamoyo na Pemba, nyingine iende Ujiji. Utabiri wa mvua za msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya Novemba usomwe baada ya Swala ya Ijumaa kama yanavyosomwa matangazo ya maziko. Katika kusomesha twahara tuirudishe hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki lita moja. Watoto wapimishwe kwa kikopo, si kwa kuambiwa. Na madrasa zinazolaza wanafunzi zisingoje kukaguliwa: serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na tunajua majiko yetu bado yanatoa moshi gani.

Tumbaku tumeiacha bila ya pendekezo, kwa kuwa haitatuliwa na mwalimu mmoja usiku mmoja. Tunachoomba ni maimamu wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui wakae na wakulima wao kabla ya msimu ujao wa kukausha, wasikilize kwanza, kisha watuletee waliyoyasikia.

Kijitabu kiko mezani pale karibu na mlango. Kina kurasa 32 na sisi tuliohudhuria tunazidi idadi hiyo. Kila mmoja achukue ukurasa mmoja, auandike kwa ajili ya mtoto wa huku, aurudishe kabla ya kuingia Rajab. Ukurasa wa mikoko tayari una mwenyewe.